Vidole vya Mama na Mafuta ya Seli Nyekundu

Jumanne mama alinipigia simu kutoka Msangano. Eliza, mtoto wa marehemu dada yangu, mwenye ugonjwa wa selimundu, alikuwa amevimba tumbo upande wa kushoto.

"Nimchanje chale za bandama?"

Nikamkatalia kwa ukali. "Usimguse, mama. Nisubiri, nakuja kukueleza."

Nakiri mapema: sikuondoka. Mambo ya damu nimejifunza mwenyewe, kwa simu na vitabu vya kuazima, nikaona aibu kwenda kumweleza mama kwa mchoro mchafu. Jumatano nzima, hapa Tunduma, nilichora seli nyekundu. Utando wake ni tabaka mbili za mafuta, na aina moja ya mafuta hayo hukaa tabaka la ndani. Yakitoroka, protini huyarudisha. Kwenye selimundu kazi hiyo huharibika, mafuta hubaki nje, na bandama huyaona kama alama ya seli ya kutupwa. Nilichana kurasa tano kwa sababu mishale haikunyooka.

Alhamisi asubuhi nilipanda bodaboda. Mvua ilikuwa imeharibu njia, tukasukuma pikipiki kwenye tope. Daftari nililifunga kwenye nailoni, kifuani.

Saa sita nilifika. Mama alikuwa mkekani, vidole vyake chini ya mbavu za mtoto, akipima uvimbe.

"Umefika, daktari wa simu. Juzi vidole viwili. Jana vitatu. Leo kiganja kizima."

Nikafungua daftari. "Mama, angalia, haya mafuta ya ndani yakigeuka..."

"Niangalie mafuta? Angalia midomo yake!"

Midomo haikuwa na damu. Eliza akanong'ona, "Mama mdogo, umeniletea maandazi?"

Sikuwa nimeleta.

Alasiri tulifika hospitali, Eliza katikati yetu kwenye pikipiki. Muuguzi alimpapasa tumbo, akauliza kwa nini hatukuja jana.

Mama alitazama sakafu. "Tulikuwa tunamsubiri mgeni."

Damu ya kumwongezea ilipoletwa, Eliza alikuwa ameshatutoka.

Nimerudi Tunduma baada ya mazishi. Mama hajanilaumu, na ndiyo maana silali vizuri. Nimeukagua mchoro tena, mshale kwa mshale. Uko sahihi. Lakini damu ya Eliza ilikuwa inajaa kwenye bandama, na mama, asiyejua habari za mafuta wala protini, aliipima kila siku kwa vidole, huku akinisubiri mimi.

Sasa jirani akiniuliza habari za mtoto wa selimundu, nauliza kwanza vidole vingapi. Kisha nasema: nendeni, msinisubiri.