Mikono Yenye Nilifichaka

Mwana yangu, iko asubui moya yenye haitokake mu kichwa yangu. Ilikuwa hapa Likasi, mu ile myaka yenye mushahara ilikatikaka, tukabakia tu na mufuko ya bunga yenye kampuni ilitupatiaka mwisho ya mwezi. Nilikuwa kijana ya kasirani na maneno mingi. Mashini nilijifunzaka minye mwenyewe, kwa kuangaria. Bakubwa ya kazi baliniweka shefu ya ekipe ya pompi, kikundi ya kuchunga mashini ya kuvuta mayi, na ile ekipe nilipendaka kama nyumba yangu. Lakini nilizania shefu ni kelele.

Mu ile wakati kila muntu alikuwa analima mbele ya kuya ku kazi. Minye pia. Kisha kulima nilikuwa navaa gants ya ngozi ku mikono, juu batu basione mikono yenye jembe ilipasula. Shefu na jembe? Nilisikia haya.

Basi ile asubui Kalenga, muntu ya ekipe yangu, akachelewa, viatu yote udongo.

"Weye uko mulimaji ao muntu ya pompi?" nikamuuliza mbele ya bote. "Leo ninakuandika mu kitabu: hakuya ku kazi."

"Shefu, ukiandika vile batanikata bunga. Ku nyumba niko na batoto sita."

"Bapikie ule udongo ya viatu."

Hakuna mwenye alicheka. Muzee Kasongo, mukubwa kwa myaka kupita siye bote mu ekipe, akaninyooshea mukono. "Nisalimie, shefu. Lakini toa gants. Minye sisalimiake ngozi ya ngombe."

Nikakataa. Akangoya, mukono mu hewa. Nikatoa. Akageuza kiganja yangu, akaona malengelenge.

"Kumbe," akasema polepole. "Weye na Kalenga munalima shamba moya?"

"Hapana, papa. Yangu iko ku njia ya Kakanda."

Hapo bakacheka, hata Kalenga. Nikafuta ile "hakuya", nikabaambia kweli yote. Tukagawana siku: bamoya balime, bengine baangarie pompi. Kalenga akapata bunga yake, na hakuna mwenye alinifichaka tena kitu.

Kasirani yangu haiyaisha, uliza bibi yangu, mwenye nilioa. Lakini weye, mwana yangu, mwenye banakuweka shefu sasa: mbele ya kuandika jina ya mwenzako, toa gants, angaria mikono yako. Sema shida yako kwanza, kisha uulize yake. Mungu akupatie batu ya kukushika mukono, na weye pia akupatie roho ya kunyoosha yako bila gants.