Kilo za Kurudi Nazo

Jirani yangu wa hapa Msalato anauza karanga, na kwa miaka yote niliyomfahamu kiganja chake kimekuwa mizani. Ukimpa mfuko anaunyanyua, anafumba jicho moja, anataja kilo, halafu ndiyo anautundika kwenye ndoano ya mizani ili wewe uamini. Wiki hii ndoano ile haipimi karanga. Asubuhi nilimkuta ametundika begi la wajukuu wawili anaokaa nao. Jioni, mjukuu mwenyewe, kafungwa kwenye khanga, anabembea na kucheka. "Watu wa ndege wamesema kilo ishirini na tatu kila mtu," aliniambia. "Sasa huyo mtu yumo ndani ya kilo, au yuko nje?" Nikamweleza kwamba ndege haipimi mwili, inapima begi tu. Akaitikia, "Haya," akamshusha mtoto, akamtundika wa pili. "Na huyu wa kupakatwa? Ana kilo zake, au anakula zangu?" Nikajibu tena. Akatoa mboga yake ya mlenda mkavu kwenye begi, akaurudisha, akatoa gauni lake badala yake, akasimama nalo kama aliyesahau alikuwa anatafuta nini.

Jana alinipa tiketi nimsomee. Watoto, kwenda tu, Mwanza kwa mama yao. Yeye, kwenda na kurudi. Nilisoma polepole. Akanyanyua kiganja kitupu, akafumba jicho moja kama kawaida yake, lakini hakutaja kilo. "Mwanangu," akasema, "kurudi nako wameniandikia ishirini na tatu. Nibebe nini?"