Vidonda vya Punda wa Mama Mkwe

Mwanangu wa kwanza alizaliwa amekufa, msimu wa baridi, nikiwa nimeolewa Tumati. Kwa mila za huko, mwanamke aliyepatwa na jambo hilo hukaa kando mpaka wazee waseme basi. Hagusi maziwa ya watu wala mifugo, na zizini hapiti. Wakwe zangu ni Wakristo wa siku nyingi, baba mkwe ni mzee wa kanisa, lakini mwiko huo hawajawahi kuutubu.

Nilitengwa, ila nusunusu. Maji yalipokwisha, mama mkwe alikuja akasimama mlangoni kwangu.

"Binti, mchukue punda uende mtoni. Mimi miguu inauma."

Nikaenda. Kumbe mwiko nao huwa na mapumziko, madumu yakiwa matupu.

Punda huyo alikuwa amejaa chawa. Mume wangu alikuwa amemnyoa kwa mkasi mwili mzima, ili dawa ifike kwenye ngozi, akabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Hazikupita siku nyingi ngozi ikaanza kuchubuka na kutoa malengelenge. Alijisugua kwenye nguzo za zizi mpaka akatoka damu. Mama mkwe hakutafuta mbali. Alisema mbele ya shemeji zangu kwamba ni mkono wangu uliomchoma, kwamba ng'ombe watafuata, na kwamba afadhali nirudishwe kwa baba yangu Dongobesh kabla zizi halijaisha. Matiti yangu yalikuwa bado yanauma kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya, na watu wamekaa wananijadili pamoja na punda. Nilimchukia kila aliyekuwa pale.

Hasira ndiyo iliyonifanya nichunguze. Dawa ya chawa ilipakwa mwili mzima, lakini shingo na tumbo vilikuwa safi. Mimi nikimwongoza humshika shingoni, na huko hakukuwa na hata kipele kimoja. Vidonda vilikuwa mgongoni na mbavuni tu, pale linapokaa tandiko la kubebea mizigo. Nikalichukua nikalifumua. Mume wangu alikuwa amelishona upya kwa mifuko ya mbolea ya kukuzia mahindi, na kwenye mikunjo bado kulikuwa na chembe nyeupe. Dumu likivuja, chembe zinayeyuka, na maji yale yanashuka kwenye ngozi isiyokuwa na manyoya ya kuikinga. Tandiko la zamani lilikuwa la blanketi kuukuu.

Nilikata kipande cha mfuko, nikakilowesha, nikajifunga mkononi wakati napika. Jioni mkono ulikuwa mwekundu na unawasha vibaya. Nikamwonyesha mume wangu. Aliutazama, akaligeuzageuza tandiko.

"Kweli," alisema. "Ni hii mifuko."

Asubuhi aliichoma moto nyuma ya nyumba, akashona tandiko jingine kwa blanketi nililomnunulia mtoto. Sikumkatalia. Niliamini kwamba baada ya hapo atakwenda kuwaambia wazazi wake.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshanikataza kabisa kumkaribia punda, na maji anachota shemeji yangu. Ngozi ikakauka, manyoya yakaanza kuota. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Yule hakuwahi kunipiga hata moja. Mateke niliyapata kwa watu. Tuliitwa sebuleni, na mama mkwe akasema, "Mmeona wenyewe. Tangu tumwondoe huyu, punda amepona."

Nikawaeleza habari ya mifuko, nikawaonyesha alama mkononi. Baba mkwe akamuuliza mwanawe kama ana neno. Mume wangu alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Wakubwa mmeshasema," akajibu.

Kesho yake alinisindikiza Dongobesh. Njiani nilimuuliza kwa nini alinyamaza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeichoma ile mifuko.

"Ulitaka nimwaibishe mama yangu?"

Punda tulikuwa naye, amebeba mahindi ya kupeleka sokoni, na mgongoni palikuwa na nafasi. Begi langu mume wangu alilibeba kichwani mwake mpaka tukafika, ili lisimguse punda.