Honorina na Nyuso za Mawe

Zamani ukitaka kuingia kanisa letu la San Pelayo ulibisha mlango wa Honorina, ukamngoja ajifute unga mikononi. Leo unabonyeza namba kwenye simu, mlango unajifungua wenyewe, na hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Honorina alirithi ufunguo kwa mama yake. Ulining'inia nyuma ya mlango wa jiko, kando ya soseji zilizokuwa zikikauka kwa moshi, na yeye alitaka jambo moja tu, afe ukiwa bado pale. Mimi nilikuwa mchunga kondoo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kusoma nilijifundisha mwenyewe malishoni, ndiyo maana kijijini waliniita profesa, na aliyeanzisha kejeli hiyo ni yeye.

Kila mwaka kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu, wanawake waliliosha kanisa. Walianza na sakafu, wakamalizia na vichwa vya nguzo, ambako mafundi wa kale walichonga simba, nguva mwenye mikia miwili, na mwanamume aliyeachama kama anayeng'olewa jino. Huyu alikuwa chini, karibu na mlango. Tulimwita Críspulo, kwa sababu ukoo mzima wa kina Críspulo una kinywa kile.

"Tulia wewe," Honorina alikuwa akimwambia, huku akimsugua kwa brashi na maji ya majivu. "Mwaka mzima hujanawa. Utaoa lini?"

Wenzake walihamia mji wa Bilbao mmoja mmoja. Mwishowe alibaki peke yake, nami nikimshikia ngazi.

Tulikuwa hivyo, yeye juu na ndoo yake, siku alipokuja Nerea, msichana mtaalamu wa mawe aliyetumwa kutoka mjini. Naye alipanda ngazi yake, akammulika simba kwa tochi.

"Bibi, hebu ona. Kuna wekundu hapa nyuma ya sikio."

Honorina aliona haya. "Nisamehe, mwanangu. Brashi haifiki huko. Nitaleta mswaki."

"Hapana, bibi. Hiyo ni rangi. Kanisa zima lilipakwa rangi zamani, miaka mia nane iliyopita."

"Na iko wapi sasa?"

Nerea aliitazama ndoo.

Jioni nilimkuta Honorina jikoni, supu ya kitunguu saumu imepoa mbele yake.

"Usiwasikilize hao," nilimwambia. "Walikuwa wapi paa lilipovuja?"

"Profesa, leo nyamaza," alisema. "Mama alikuwa akifurahi maji yakitoka mekundu. Alituita watoto tuje tuone uchafu ulivyotoka."

Padri alifika wiki ile ile kuuchukua ufunguo. Honorina aliufuta kwa aproni kabla ya kumpa.

"Nitaosha sakafu tu, Padri. Nyuso sitazigusa."

"Tutaona, Mama Honorina."

Nimewasikia mapadri wengi wakisema tutaona. Majira ya baridi hayajaisha, wakaweka kitasa cha umeme na kamba mbele ya nguzo. Wamehifadhi mawe, wanasema. Mikono iliyoyajua kwa majina hawakuona haja ya kuihifadhi.

Mara ya mwisho nilipowaona pamoja, yeye na watu wake wa mawe, ilikuwa sikukuu iliyofuata, kabla binti yake hajamhamishia Bilbao. Mlango ulijifungua, tukaingia kama wageni. Buibui alikuwa amesuka utando kinywani mwa Críspulo, nao umeshika vumbi.

Honorina alisimama penye kamba. Alitoa leso, akailowesha kwa ulimi kama mama anayetaka kumfuta mtoto usoni, akanyoosha mkono. Hakuna aliyekuwa akimtazama ila mimi.

"Mfute tu," nilimnong'oneza.

Aliitazama ile leso, nyeupe, safi. Akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Mwache," alisema. "Labda bado ana rangi kidogo."

Akafunga mikono yake nyuma, akabaki amesimama pale.