Deki na Karatasi ya Mwisho

Wodini walimwita Deki, na kwa miaka kumi na mmoja aliitika. Alipiga deki wodi ya wanawake asubuhi na jioni, akakusanya mashuka, akaosha mabeseni. Jina hilo halikumuuma mpaka siku alipomwona mgonjwa wa kitanda cha tisa, ametoka kufanyiwa upasuaji, midomo imekuwa kama imepakwa wino.

"Sista, yule wa kitanda cha tisa hapumui vizuri."

Muuguzi alikuwa anaandika, wala hakuinua kichwa. "Wewe piga deki."

Akapiga deki. Alipofika mwisho wa wodi na kugeuka, wauguzi walikuwa wameshamfunika yule mgonjwa shuka mpaka usoni, wanavuta pazia kuzunguka kitanda kile.

Mwezi uliofuata alijiandikisha masomo ya jioni. Mtihani wa sayansi ulimwangusha mara mbili, akaurudia, na alipotimiza miaka thelathini na minane akapata nafasi chuo cha uuguzi. Darasani vijana walimwita Shangazi. Nyumbani aliishi na baba yake, seremala mstaafu ambaye figo zilikuwa zimechoka, na mdogo wake wa kiume, fundi bomba. Mzee ndiye aliyekuwa akimuuliza maswali. Alilala chali kwenye kochi, daftari kifuani, akimkosoa hata matamshi ya maneno ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyasikia.

"Mtu mzima ana mifupa mingapi?"

"Mia mbili na sita, Baba."

"Hesabu tena. Mimi inayoniuma tu inazidi hiyo."

Wiki ya mitihani ya muhula wa kwanza, Mzee akalazwa. Deki alikuwa akitoka kwenye chumba cha mtihani anakwenda hospitali, akitoka hospitali anarudi kwenye madaftari. Alhamisi alimkuta baba yake hasemi. Mzee alimshika tu kidole gumba, akakibana.

"Dada, nenda kasome," mdogo wake alimwambia. "Mimi nitabaki naye."

Ijumaa ilikuwa karatasi ya mwisho, ya mwili wa binadamu. Asubuhi Deki alipoamka alimkuta mdogo wake amesharudi, na amechemsha chai. Tangu azaliwe hajawahi kumchemshia mtu chai.

"Baba kaamkaje?"

"Kalala vizuri." Alikuwa anaitazama birika. "Kunywa, utachelewa."

Deki alikwenda kuchukua viatu nyuma ya mlango. Hapo chini palikuwa na furushi limefungwa kwa shuka la maua, shuka lao wenyewe, na juu yake limekazwa kwa bendeji, mafundo mawili. Kandambili za baba yake zilijichora kwenye kitambaa. Vitu vya mgonjwa aliye hai hutupiwa tu ndani ya mfuko au beseni. Vinavyofungwa kwa bendeji, mafundo mawili, ni vya marehemu, ili kisidondoke kitu kabla ndugu hawajasaini. Mafurushi ya namna hiyo yeye mwenyewe alishayafunga mpaka akasahau idadi.

Alisimama kiatu kimoja mguuni. Jikoni mdogo wake alikuwa anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Angeweza kumwita. Lakini alijua akifungua kinywa atalia, akilia hatakwenda, na asipokwenda leo atasubiri mwaka mzima aanze upya na wanafunzi wapya. Alijijua. Hangeanza upya.

Akavaa kiatu cha pili.

"Naenda."

"Ngoja nikusindikize," mdogo wake akasema, akambebea mkoba mpaka getini mwa chuo.

Ukumbini alikaa safu ya tatu. Swali la kwanza lilihusu mapafu, akaliandika. La pili lilihusu moyo, akaliandika. La nne lilitaka aeleze kazi za figo. Alilisoma, akaliruka, akamaliza mengine yote, kisha akalirudia. Aliandika jinsi figo zinavyochuja damu, zinaposhindwa nini hujaa mwilini, mgonjwa huvimba wapi, huanza lini kupotewa na fahamu. Aliandika kurasa mbili bila kufuta neno. Msimamizi alipopita alimwekea chupa ya maji mezani, akaenda zake.

Kengele ilipolia, vijana walitoka kwa vifijo. Walimwagiana maji, wakatupa karatasi juu, wakamvuta Shangazi wao katikati wapige picha. "Cheka basi, Shangazi, tumemaliza!" Akacheka. Picha hiyo ipo mpaka leo, na asiyejua hawezi kuona kitu.

Mdogo wake alikuwa bado getini, palepale alipomwacha saa tatu zilizopita.

"Dada," akaanza, "Baba..."

"Najua. Niliona furushi."

Yule fundi bomba alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. "Uliona saa ngapi?"

"Kabla ya chai."

"Na ukaingia?"

"Nikaingia."

Mdogo wake alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, akalia kwa sauti, yeye aliyejikaza kisabuni tangu alfajiri. Akamweleza kwamba Mzee mwenyewe ndiye aliyesema: nikiondoka kabla hajamaliza, asiambiwe. Deki alisimama pembeni yake na mkoba mkononi. Machozi yake yeye hayakuja.

Mazishi yalikuwa jioni ileile. Mdogo wake, aliyekwisha kuchoka kuficha, alimsimulia yote shangazi yao, dada wa marehemu. Shangazi akamfuata Deki mbele ya waombolezaji.

"Karatasi haina miguu, ingekungoja. Baba yako amelala kwenye baridi, wewe unaandika!"

"Baba ndiye alitaka, Shangazi," mdogo wake akadakia.

"Wewe ulijua kama alitaka. Yeye alijua?"

Lilikuwa kweli. Deki hakujua. Alikwenda kwa uamuzi wake mwenyewe.

Matokeo yalitoka wiki ya sita. Alifaulu karatasi zote. Ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa na alama za chini, lakini alipita. Hakuwa na wa kumwonyesha isipokuwa mdogo wake, aliyeyasoma akiwa amesimama, mikono imejaa grisi. Shangazi mpaka leo huitikia salamu yake kwa neno moja.

Jumapili kabla ya muhula wa pili, mdogo wake alimuuliza alichokuwa amekishikilia moyoni siku zote hizo.

"Ingekuwa leo, ungeingia tena?"

Deki alikuwa anakunja mashuka.

"Ningeingia," akasema. "Ila ningekuambia kwanza kuwa najua. Nilikuacha getini na mzigo peke yako."

Mdogo wake alishika ncha ya pili ya shuka, wakalikunja pamoja.