Maneno Yaliyoanza na Re

Mwaka niliomaliza chuo huko Uganda, nilirudi Kibugu nikakuta nyumba yetu ya zamani haipo. Ilikuwa Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau. Watu walikuwa wameondolewa mashambani na kurundikwa karibu na kambi ya chifu, na wanawake walichimba handaki kati ya kijiji na msitu. Nilikuwa na cheti, kamusi ya Kiingereza na wasiwasi. Kazi niliyoahidiwa haikuja, kwa hiyo nikawa nawasomea watu ubao wa matangazo wa kambi.

Kila Ijumaa karani alibandika orodha ya waliokamatwa. Mbele ya kila jina palikuwa na neno moja la Kiingereza, na karibu yote yalianza na re. Released, ameachiliwa. Remanded, amerudishwa rumande. Retained, bado anashikiliwa. Wanawake walinizunguka na majembe begani, nami nikasoma polepole hadi wakaudhika.

“Huyu amesoma mpaka macho yakaingia ndani,” mmoja alisema, “na bado anaogopa karatasi.”

“Mwache,” mwenzake alimjibu. “Labda huko Uganda walimfundisha kunyamaza.”

Walicheka. Mimi sikucheka, wala sikukasirika.

Mama alikuwa ameacha upande mmoja wa nyumba mpya kwa ajili ya kaka yangu, ambaye naye alikuwa amekamatwa. Alikuwa amemwekea kitanda cha fito. Mkuu wa kijiji alimwonya kwamba orodha ijayo isipomwachilia kijana, familia nyingine ingeletwa kulala hapo.

Ijumaa iliyofuata nililiona jina lake ubaoni. Retained. Nilijua maana yake papo hapo. Hata hivyo nilienda nyumbani nikafungua kamusi, nikasoma ukurasa mzima: retain, retire, retreat, return. Nikawaza labda karani alikuwa na haraka. Nikawaza labda kuna kushikiliwa kwa siku chache. Nikarudia ukurasa tangu juu.

Mama aliingia, udongo wa handaki umemkaukia miguuni.

“Umeliona jina?”

“Nimeliona, mama.”

“Wanasemaje?”

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kuna neno la kuachiliwa, kuna la kurudi, kuna la kurudishwa, na yote huanza namna moja, kwa hiyo msomaji lazima awe mwangalifu sana, na hata karani mwenyewe...

“Kijana wangu, hayo mengine sijauliza.”

“Bado wanamshikilia.”

Aliguna kidogo. Akaenda kushika kichwa cha kitanda, akanitazama mpaka nikashika upande wa miguuni. Tulikitoa nje tukakiegemeza ukutani. Alirudi ndani akapafagia mahali kilipokuwa, mara mbili.

Kabla jua halijazama, mwanamke nisiyemjua aliletwa na mkuu wa kijiji, akiwa na watoto wawili na chungu kimoja. Alisimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

“Ingia,” mama alimwambia. “Laza watoto huku. Huku hakuvuji.”