Mawe ya Kilima cha Mifupa

Nyasi zikikatwa baada ya mvua, harufu yake hunirudisha kwenye kilima kilichokuwa nyuma ya jengo letu hapa Toronto. Usidhani ni mlima, mwenzangu. Kilikuwa kama kichuguu kilichonona, katikati ya nyumba za watu. Ndani yake ilizikwa mifupa ya wenyeji wa kale, mamia ya miaka kabla ya barabara na maduka. Watoto wa shule walisema ukiteleza pale juu ya theluji, mifupa inagonga kutoka chini. Niliteleza mara mbili. Nilichosikia ni meno yangu tu.

Kwao mama, upande wa Narok, kulikuwa na kaburi la kale pia, rundo la mawe ambalo hata wazee hawakujua ni la nani. Kila apitaye huongeza jiwe. Nilipokuwa na miaka tisa, nyanya, mamake mama, aliugua. Mama hakuweza kwenda: tulikuwa tumeomba hifadhi ya ukimbizi, na ukitoka kabla kesi haijaamuliwa, huruhusiwi kurudi. Nikimwuliza habari za kesi alisema, "La kuvunda halina ubani," akaendelea kukata mboga za sukuma.

Basi kiangazi hicho, kila Jumapili baada ya kanisa tulipanda kilimani, naye akaweka jiwe moja.

"Tunamwombea nyanya apone?" niliuliza, kwa Kiingereza changu.

"Weka na lako," alijibu.

Niliweka, tena makubwa, kwa kujipendekeza. Katikati ya wiki mkata nyasi aliyazoa yasimvunjie mashine. Nilimwona dirishani nikamchukia kabisa, ila mama sikumwambia. Kwenye simu nyanya aliuliza, "Unakuja lini, mwanangu?" Mama akamjibu, "Krismasi, mama." Nami nikaamini.

Krismasi nne zilipita. Nyanya alipofariki, mama aliweka simu chini akamaliza kupiga pasi sare yake ya kazi. Hakutoa chozi. Nilimwambia usoni kwamba hana moyo, naye akaitundika sare mlangoni.

Mwaka jana, tulipomzika mama huko Pickering, nilimsimulia mama mdogo, nduguye, jinsi tulivyomwombea nyanya kwa mawe. Alinitazama kwa huruma.

"Jiwe lile haliwekewi mgonjwa," alisema. "Ni la maiti."

Nilikaa kwenye gari muda mrefu. Mama alikuwa ameshamzika mamake kiangazi kile, mbele ya macho yangu, huku nyanya yu hai anamwuliza siku ya kuja.